Jina la Marehemu Semeni

Maimuna alilima kabichi juu Uluguru, ambako ukungu hushuka mapema. Shamba lilikuwa la mama yake mkubwa, Semeni, aliyefariki kwa kidonda cha titi. Matanga yalipoisha, ukoo ulimrithisha Maimuna shamba pamoja na jina. Tangu hapo akaitwa Semeni.

Jina lile lilimtisha. Ukungu ukitanda, alisikia sauti: "Semeni, we Semeni." Akigeuka, hakuna mtu. Kulikuwa na nyumba ya marehemu tu, mlango umefungwa kwa kamba.

Asubuhi moja akioga, mkono wake uligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa mgumu kama punje ya hindi kavu, na hauumi. Marehemu naye alianza kushoto.

"Mama mkubwa ananiita," alimwambia mama yake, Nasra.

"Usimwambie mtu, mwanangu. Tutafanya tambiko."

Marehemu naye aliambiwa hivyohivyo. Alinyamaza mpaka titi likatoboka.

Nesi Joyce, jirani yao, alikuja kununua kabichi. Maimuna alishindwa kuvumilia, akamweleza.

"Saratani hairithiwi kwa jina, mdogo wangu," Joyce alisema. "Wala haiambukizi. Ila ndugu wa damu akiugua, hatari yako inaongezeka. Na wengi wanaougua hawana ndugu aliyeugua."

"Mbona hauumi, dada?"

"Mwanzoni mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu wanakaa nao. Ukiwa saratani, ukiachwa, unaingia kwenye tezi za kwapani, halafu mapafu, ini, mifupa. Ngozi ikibonyea au chuchu ikitoa damu, hizo nazo ni dalili. Uvimbe mwingi si saratani, lakini kwa macho hatujui. Lazima wachukue kinyama wapime."

Maimuna aliogopa sana, lakini alishuka hospitali mjini. Ilikuwa saratani, nayo haijafika kwapani. Alikatwa titi, akapewa dawa zilizomnyonyoa nywele. Alilia. Kisha nywele zikaota, na daktari akamwambia saratani haionekani tena.

Alirudi shambani. Jioni ukungu ukatanda. "Semeni, we Semeni."

Safari hii alipogeuka, kulikuwa na mtu. Mama yake alisimama kwenye nyumba ya marehemu. Alikuwa amefungua kamba ya mlango, na mkono mmoja ameuficha ndani ya kanga, kwenye titi.

"Njoo unishike hapa," Nasra alisema. "Nina uvimbe tangu dada yangu yuko hai. Nilikuwa naogopa kusema."

Maimuna alimshika mkono. "Kesho tunashuka wote, mama."