Pua ya Marumaru

Kichwa cha sanamu ya malkia kilikuwa mahali pake, juu ya kiwiliwili, ndani ya kabati la kioo, na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Hata hivyo kilikuwa kimeibwa.

Mtaalamu wa mawe ilimbidi amweleze Inspekta mara mbili, maana mara ya kwanza Inspekta alidhani anataniwa. Wakuu wa makumbusho walikuwa wameamua kuing'oa pua ya sanamu, iliyobandikwa na fundi wa siku hizi, ili kichwa kibaki cha kale kitupu. Kabla ya kazi hiyo, mtaalamu huyo alikwangua unga kidogo nyuma ya sikio, akaupima.

"Kila machimbo ya marumaru yana kaboni na oksijeni za namna yake," alisema. "Kichwa na kiwiliwili vilichongwa kwenye jiwe moja. Hiki si cha jiwe lile."

"Ni cha wapi?"

"Nimelinganisha na sampuli zangu zote. Ni cha machimbo ya mlimani, hapo nyuma ya mji. Yalifungwa. Jiwe lake lilitumika makaburini tu."

Mlinzi wa usiku alikuwa mahabusu tayari. Funguo zilikutwa kiunoni mwake, na kituoni walikuwa wamemtia hatiani kabla chai haijapoa. Inspekta hakuipenda haraka ile. Mlinzi alikuwa amefiwa na mke, na binti yake mdogo hakuwa na mzazi mwingine.

"Ulimfungulia nani?"

"Sikumfungulia mtu, afande."

"Kichwa cha bandia kimechongwa kwa jiwe la kaburi."

Mlinzi, aliyekuwa mkavu tangu asubuhi, aliinamisha uso akaomba maji. Akayashika asiyanywe. Inspekta akamuuliza mkewe amezikwa wapi.

Kichwani pa kaburi lile palibaki saruji iliyochimbuliwa. Mtunza makaburi alisema jiwe, nene kama gogo, lilichukuliwa na baba wa marehemu, aliyelichonga mwenyewe, eti akalisafishe. Baba huyo alikuwa fundi wa sanamu wa makumbusho, na ufunguo wa kabati alikuwa nao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani kwa fundi, mlango ulifunguliwa na binti wa mlinzi. Alimuuliza Inspekta kama amekuja na baba yake. Inspekta alivua kofia kwa aibu, macho yakanasa kwenye pua ya mtoto yule. Ilikuwa nyembamba, imepinda kidogo kushoto. Pua hiyohiyo Inspekta alikuwa ameikodolea macho asubuhi nzima, ya marumaru, nyuma ya kioo.

Kichwa cha kweli kilikuwa chumbani, juu ya cherehani ya marehemu. Mzee hakuhangaika kukificha.

"Pua ya malkia ilikuwa imevunjika tangu kale," alisema. "Niliitengeneza mimi, mwanangu akiwa hai. Niliiga yake."

"Na jiwe la kaburi?"

"Lilikuwa na jina lake tu. Hiki kina uso wake. Niliwachongea kingine, wakitaka waking'oe pua hicho."

"Ukamwacha mkweo afungwe?"

Mzee alilia bila kujificha. Alisema tangu mkwewe akamatwe alivaa viatu mara tatu aende kituoni kusema kweli, na mara zote tatu alivivua. Mkwewe alikuwa ameliona kaburi lisilo na jiwe, akanyamaza, kwa kuwa alimhesabu kama baba yake mzazi. Inspekta alimkasirikia mzee, akamhurumia, na hakujua lipi litangulie.

Jioni mlinzi aliachiwa. Walipishana na mkwewe kwenye ukumbi wa kituo. Mlinzi alimshika mzee mkono, akaenda kwa mwanawe.

Fundi aliketi kutoa maelezo.

"Sasa wataing'oa?" aliuliza.

"Bado. Kichwa ni kielelezo. Hakiguswi mpaka hukumu itoke."

"Nikikiri mbele ya hakimu, itatoka lini?"

"Pengine wiki ijayo. Na kwa umri wako, mzee, utarudi kulala kwako."

"Nikikana?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Kesi za mahakama ile huota mvi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini.

"Itakuwa miaka. Na utaingojea mahabusu. Unaweza kufia humo."

"Pua itakuwepo?"

"Itakuwepo."

"Basi andika nimekana, mwanangu."

Inspekta aliivuta karatasi karibu. Kisha akaichukua kalamu, akaandika.