Jezi ya Curtis

Saa sita mchana, jua limejaa dukani, Tanya akaona plastiki ya kadi ya besiboli inatoka jasho kwa ndani.

"Shemeji, kadi yako inahema. Umeilisha pilipili?"

"Ifute, acha maneno," Duane akasema.

Akafuta. Mvuke ukabaki ndani, kwenye plastiki iliyozibwa hata hewa haiingii. Ukafifia, ukarudi, ukafifia tena, kama mtu anavuta pumzi.

Duane Pawlak aliuza kadi za besiboli pale Toledo, zile za siku hizi zenye kidirisha katikati na kipande cha jezi aliyovaa staa uwanjani. Kipande cheupe tupu, bei ya soda. Kikiwa na rangi mbili, watu wanatoana macho. Basi Duane alikuwa ananunua za kitambaa cheupe, anakichomoa, anapachika cha bluu na njano, anaziba upya.

Cha bluu na njano alikitoa wapi? Bi Lorene Vance alimletea jezi ya mwanawe iwekwe kwenye fremu. Curtis alichezea timu ndogo, mpira ukampiga kichwani, akafa ameivaa. Duane akamdanganya yule mama eti bomba limepasuka, jezi imeoza, kaitupa. Kumbe kaikata vipande kumi na moja, mabaki yake kayaficha drooni.

Kru. Kru.

"Nani anatafuna mbegu za alizeti, kama mchezaji uwanjani?" Tanya akanong'ona.

Hakuna mtu. Lakini maganda yalikuwa juu ya meza, yamelowa mate, na harufu ikapanda, jasho la mtu aliyekimbia, vumbi jekundu la uwanjani, mafuta ya glavu, ikapanda mpaka Duane akahisi kitu kimemshika mkono kwa utaratibu kabisa, kama fundi anayepima kitambaa kabla hajakata, na alipokunja shati akakuta kimraba cha ngozi hakipo, kingo zimenyooka, hata tone la damu hakuna.

Tanya akaweka kadi juu ya kile kidonda. Kidirisha kikaenea sawasawa.

"Duane. Umemchana nani?"

Akasema yote, analia.

"We mjinga kweli! Zirudishe zote! Huyu marehemu atakukata vipande kumi na moja!"

Wiki nzima akawa anawabembeleza wateja wamuuzie tena. Pamoja na ile ya dukani, akapata kumi. Mwenye ya kumi na moja alikuwa kahama, simu yake haiiti.

Akaenda kwa Bi Lorene na mabaki ya jezi na vile vipande, akapiga magoti barazani.

"Nisamehe, mama."

 Yule mama akachukua sindano, akashona kimoja kimoja, kumi vyote. Akaingiza kidole kwenye tundu lililobaki, pale kifuani.

"Na cha hapa?"

"Nitakitafuta, mama. Nakuapia. Nipe hata siku mbi..."

Kru. Kru. Nyuma yake kabisa.

 Duane akashika kifua, akaangalia kiganja chake, kikavu, hakina damu. Halafu akalala chali kwenye mbao za baraza, macho wazi.

Bi Lorene akatazama jezi mapajani. Lile tundu lilikuwa limezibwa na kipande. Akagusa. Kilikuwa cha moto, kina vinyweleo, na chini yake kitu kilikuwa bado kinadunda, polepole, kinafifia.

"Asante, Curtis mwanangu," akasema.

Akalamba ncha ya uzi, akaanza kushona.