Sahihi Kwenye Kadi ya Lifti

"Hii sahihi ni ya nani?"

Chiriku aliuliza bila kugeuka. Picha alikuwa ameikuza hadi sahihi ikajaa kioo kizima cha kompyuta: kitanzi kikubwa, mkia mrefu, na nukta mbili zisizo na kazi yoyote.

Ndani ya chumba cha habari cha gazeti, Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha Chiriku, mkoba wa vifaa ukiwa bado begani. Sahihi ilikuwa yake.

"Mbona kimya? Si mafundi lifti mnajuana?"

"Siijui."

"Iangalie vizuri, mpenzi. Ni kadi ya ukaguzi ya kliniki ya macho. Kampuni ni hiyo hiyo yenu."

"Tuko mafundi kumi na wanne. Nitajuaje mkono wa kila mtu?"

"Hujawahi kuiona popote?"

"Nimeshakwambia siijui! Mbona unanihoji kama polisi?"

Chiriku akazima kompyuta taratibu.

"Haya. Nimekuuliza mara tatu. Twende nyumbani."

Msomaji wangu, usimhukumu Fundi kabla hujajua yaliyokuwa mezani. Chiriku alipewa jina hilo na watoto wenzake kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Alitaka kuwa mwandishi wa habari tangu yuko darasa la nne. Alimaliza chuo, akapeleka barua za maombi hadi akachoka, na kila alikokwenda walitazama kiti kwanza, cheti baadaye. Ndipo gazeti hili likafungua mafunzo ya miezi tisa kwa vijana wanaoanza kazi, wale ambao kila siku huandikwa kwenye habari lakini wenyewe hawapewi meza ya kuandikia. Wakachukuliwa sita, Chiriku mmoja wao. Mwisho wa mafunzo kila mmoja alipaswa kutoa habari moja kubwa ya peke yake, kisha jopo lichague wawili wa kuajiriwa. Jopo lilikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Habari ya Chiriku ilimhusu bibi mmoja, mshona mashuka mstaafu. Mafunzo yalipokuwa yanaanza, alikwenda kupimwa macho. Lifti ya kliniki ikasimama vibaya, sakafu ya ndani ikiwa juu ya sakafu ya nje kwa zaidi ya futi moja, bibi akakanyaga hewa na kuvunjika nyonga. Kadi ya ukaguzi ilisema lifti ile ilikaguliwa wiki mbili kabla, ikaonekana haina kasoro hata moja.

Jioni ile simu ya Fundi iliita. Alikuwa mama yake Chiriku.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Nimekupigia tu kwa furaha. Mwenzio kaniambia habari yake ni ya moto, jopo lenyewe haliwezi kuipita. Akiajiriwa tu, njooni na wazee wenu tupange siku ya ndoa. Mimi sina kipingamizi tena."

"Asante, mama."

"Mbona sauti imepoa hivyo? Unaumwa?"

"Uchovu tu, mama."

Uchovu! Mtu anaungua ndani anasema uchovu. Fundi aliandika ujumbe, "Mpenzi, ile sahihi ni yangu," akaufuta. Akauandika tena kwa maneno mengine, akaufuta. Kukiri ni kufukuzwa kazi. Kunyamaza ni kumwacha mwenzake apeleke kwa jopo habari yenye shimo. Kila njia aliyoitazama ilikuwa na mwiba wake, na hakuna hata moja iliyokuwa na mlango.

Asubuhi ujumbe wa Chiriku ukamtangulia: "Njoo saa nne, chumba cha chai, ghorofa ya nne. Uongo uache huko huko."

Alimkuta peke yake, kikombe mbele yake hakijaguswa.

"Kaa," Chiriku alisema. "Jana sikukuuliza kwa kutojua."

Fundi akakaa.

"Lifti ya jengo hili nani anaihudumia?"

"Mimi."

"Na kadi yake imebandikwa wapi?"

Fundi akafumba macho. Kadi ilibandikwa ndani, chini ya vitufe. Aliyesimama lazima ainame ndipo aione. Aliyekaa inamtazama usoni.

"Miezi tisa!" Chiriku alisema. "Kila asubuhi napanda na sahihi yako mbele ya pua yangu. Nilikuwa nikiiona nafurahi, nasema huyu ndiye mume wangu, amepita hapa. Halafu unaniambia huijui?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Sasa nijibu. Kule kliniki uliikagua ile lifti au hukuikagua?"

"Sikuikagua."

"Chumba cha mashine ulifungua?"

"Sikufungua. Nilijaza kadi nimesimama mlangoni, nikaondoka."

"Kwa nini? Wewe si mvivu. Nakujua. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Fundi angeweza kusema bosi alimharakisha, na angeaminika, kwa maana mabosi wa namna hiyo ni wengi. Lakini alikuwa ameshachoka kudanganya.

"Itazame tarehe."

Chiriku akatoa daftari lake. Fundi alimwona akiisoma tarehe, midomo ikimcheza, kisha mkono ukaanguka pajani.

"Siku ya usaili wangu wa hapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulinipigia simu unalia. Ukaniambia lifti imekufa, mlinzi anakwambia urudi siku nyingine, na wewe unajua hakuna siku nyingine. Ulitaka nifanye nini?"

"Sikukwambia uache kazi ya watu!"

"Hukuniambia. Nilisema nitakuja, nitaitengeneza ya kwako, kisha nitarudi kliniki mchana kuikagua ya kule. Mchana bosi akanituma mbali. Kesho yake vivyo hivyo. Kadi ilikuwa imeshajazwa, nani angeikumbuka?"

"Kadi inasema ukaguzi wa kliniki ulianza saa tatu, ukaisha saa tano," Chiriku alisema, machozi yakishuka. "Na saa nne ulikuwa umepiga magoti kwenye lifti yetu, mimi nakushikia tochi. Shahidi wa uongo wako ni mimi mwenyewe. Unaona ulivyonifanya?"

"Andika. Niandike tu. Habari ni yako, upate kazi."

"Siruhusiwi. Habari yenye mtu wako ndani yake huiandiki wewe. Tulifundishwa wiki ya kwanza."

"Basi sema hunijui."

Chiriku akakisukuma kikombe kando.

"Nikisema sikujui, nami nitakuwa nimejaza kadi bila kufungua mashine."

Akasukuma magurudumu hadi ofisi ya mhariri. Ofisi ile ilikuwa ya vioo, na Fundi aliona kila kitu asisikie neno. Aliona Chiriku akizungumza. Aliona mhariri, mama wa makamo, akivua miwani na kuiweka mezani. Aliona daftari likihama kutoka pajani kwa Chiriku kwenda mkononi mwa mhariri, na hapo akatamani avunje kile kioo. Angekivunja ili iweje?

Chiriku alipotoka hakusimama.

"Habari kampa Mrefu, mwenzetu wa mafunzo. Mimi nimekuwa mtu wa kuhojiwa ndani ya habari yangu."

"Na jopo?"

"Siku mbili nitatunga habari gani nyingine? Jopo litaajiri wenye habari."

"Nisamehe."

"Usiniombe leo."

Ijumaa jopo likachagua wawili, na Chiriku hakuwamo. Jumamosi kampuni ikamsimamisha Fundi kazi na kumnyang'anya mkoba wa vifaa. Jumapili habari ikatoka, jina la Mrefu juu, jina la Fundi katikati, na chini kabisa sentensi moja: mwanafunzi wa chumba chetu cha habari ana uhusiano na fundi huyo na hakushiriki kuiandika. Mama yake Chiriku aliisoma. Simu yake kwa Fundi haikuzidi nusu dakika.

"Wewe kijana."

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nilikupa mwanangu uwe miguu yake, umekuwa gogo njiani." Akakata.

Jumatatu asubuhi simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Chiriku.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Sina pa kwenda."

"Nilikuja kuchukua vitu vyangu mezani. Nikiwa huku juu imetoka amri, lifti zote za kampuni yenu zifungwe mpaka zikaguliwe upya. Nimekwama ghorofa ya nne."

"Nakuja."

"Utafanya nini? Huna hata bisibisi."

"Nakuja hivyo hivyo."

Alipanda ngazi mbili mbili, akamkuta mbele ya mlango wa lifti, sanduku la karatasi mapajani. Kutoka juu kulisikika vyuma vikigongwa. Fundi mgeni alikuwa kazini.

"Anafanya nini sasa?" Chiriku akauliza.

"Anajaribu breki."

"Na wewe ulipaswa kufanya hivyo kule?"

"Ndiyo. Inachukua saa mbili."

"Saa mbili," Chiriku alirudia. "Jana nilikwenda kumwona bibi, karudishwa hospitali, nyonga haijaunga. Ameshasomewa gazeti. Kaniuliza, huyo fundi ana sura gani? Nikashindwa kumjibu. Nikalia tu, yeye ndiye akanibembeleza. Mgonjwa!"

"Nitakwenda kwake."

"Utakwenda, na utamweleza mwenyewe."

Fundi akakaa sakafuni kando ya gurudumu. Alitaka kuuliza jambo moja, akaliogopa, akaliuliza.

"Bado tupo, mimi na wewe?"

"Niulize tukifika chini."

Wakasubiri. Baadaye fundi mgeni akashuka akijifuta mikono.

"Poleni. Kamba moja siiamini, leo sisaini. Hadi kesho vipuri vije."

Akawapita, akateremka ngazi kwa miguu yake. Chiriku akaufuata kwa masikio mlio wa viatu vyake hadi ukapotea.

"Basi niulize sasa," alisema.

"Bado tupo?"

"Tangu jana najaribu kukuacha." Alikuwa akilia waziwazi, hata machozi hakuyafuta. "Nimejiambia alimvunja bibi wa watu, amenivunjia kazi, amenidanganya mara tatu machoni. Yote ni kweli. Na kila nikifika pa kukuacha, nashindwa. Tupo. Usifurahi. Tupo tu, kwa sababu nimeshindwa."

Fundi hakufurahi. Aliushika mkono wake, naye hakuuondoa, wakabaki hapo mbele ya mlango uliofungwa.