Mgongo wa Steringi

Jioni ile ya Jumamosi Orrin Stadler alitoka kituo cha treni amekumbatia kasha la mikanda kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Ndani ya kasha kulikuwa na sehemu ya nane ya filamu ya mfululizo ambayo mji mzima wa Tasker, Illinois, uliisubiri kuliko mvua. Steringi wake alikuwa Walt Kessinger, mchezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, namba arobaini na moja, aliyewahi kupasua ngome za vyuo vikubwa. Sasa aliwakimbiza majambazi mbele ya kamera, tena kwa sauti yake mwenyewe.

Sauti yenyewe ilikuwa kama ya mtu anayesoma karatasi ya dawa. Nani alijali? Picha zilikuwa zimeanza kusema juzi tu. Hata ng'ombe angelia, watu wangepiga makofi.

Lakini Orrin hakumngoja Kessinger. Alingoja mgongo wake.

Maana kila steringi alipoanguka, kurushwa au kuburutwa, aliyeonekana kwa nyuma hakuwa steringi. Alikuwa Emil, mtoto pekee wa Orrin, aliyekwenda California na mabega mapana na viatu vya kuazima. Barua yake ya mwisho ilifika Juni. *Baba, sehemu ya saba, ndani ya gari, ni mimi. Nitanyoosha mkono wa kushoto nikusalimie. Bosi asijue.*

Tangu hapo, kimya. Orrin aliwaandikia wenye studio mara nne. Kimya.

Na Jumamosi iliyopita aliuona mkono. Gari lilienda mbio hadi ukingo wa machimbo ya mawe, mkono wa kushoto ukanyooka... gari likatumbukia. Sehemu ya saba ikaishia hapo.

"Umechelewa, pipa wewe!" Hattie Vance, mwenye sinema, alimpigia kelele kutoka dirisha la tiketi.

"Pipa halikimbii, Bi Hattie. Linabingirishwa."

"Basi jibingirishe juu upesi. Bisi zimekwisha, na yule mwenye bucha anawaapia watu kwamba Kessinger amekufa."

"Steringi hafi."

"Ndivyo nilivyomwambia. Utaona aliruka mapema, ila walitunyima kipande hicho. Kila wiki wanatufanya wajinga, na kila wiki tunakuja." Kisha akashusha sauti. "Emil je? Kaandika?"

"Ataandika. Mvivu yule, karithi kwangu."

Alipanda ngazi akihema. Kwenye chumba cha projekta alipitisha mkanda vidoleni, kama kawaida, kutafuta palipochanika. Alikuta kiraka cheusi, urefu wa shubiri. Fundi wa mji mwingine alikuwa amefanya kazi safi: sauti ilitoka kwenye sahani ya santuri, mbali na picha, hivyo picha zikikatika lazima uunge mkanda mweusi wa kipimo kilekile. La sivyo, midomo itasema leo na maneno yafike kesho.

Aliweka sindano kwenye alama ya mshale. Akawasha.

Mkanda ule ulikuwa jamaa ya baruti. Ukipita mbele ya taa, salama. Ukisimama, hesabu moja, mbili... moto. Miaka ishirini Orrin hakuwahi kuusimamisha taa ikiwaka.

Kwenye skrini gari likaja mbio. Kessinger akafungua mlango, akaruka, akabingirika kwenye vumbi. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo.

Orrin hakumtazama. Alitazama gari.

Lilipaswa kuwa tupu.

Mlikuwa na mgongo wa mtu ndani yake. Mkono wa kushoto ulikuwa nje ya dirisha. Haukusalimu. Ulipiga mlango... ukapiga... ukapiga.

Kisha giza. Kiraka.

Ngurumo ya gari ikakatika. Chumba kikajaa harufu ya petroli na maji yaliyooza.

"Baba..."

Orrin akasogeza sikio kwenye kipaza sauti kidogo cha ukutani.

"Baba. Simamisha."

Kiraka cha shubiri hupita kabla hujafumba jicho. Hiki hakikupita. Chini, watu walianza kupiga miluzi na kukanyaga sakafu.

"Orrin! Umesinzia huko, mzee?"

"Emil," akanong'ona. "Uko wapi, mwanangu?"

"Bado sijafika chini. Kila wakionyesha, naanguka. Kila mji, baba. Kila jioni."

"Nikisimamisha utaungua."

Sindano ilikwaruza.

"Nimechoka kuanguka."

Picha ikarudi. Gari lilikuwa hewani. Mgongo uleule. Na kichwa... kichwa kilianza kugeuka.

Orrin akavuta swichi ya mota.

Gari likaganda hewani. Angeweza kuzima na taa. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi yake. Lakini kichwa kile kilikuwa kimegeuka robo, sikio likaonekana, na baba alitaka uso. Uso tu. Mara moja tu.

Moja.

Mbili.

Doa la kahawia likafunguka kwenye kisogo, likachemka, likala bega, likala sikio. Sahani ilikuwa imesimama kabisa.

Ukelele kwenye kipaza sauti haukusimama.

Hattie aliingia na ndoo ya mchanga. Walipouzima moto, vidole vya Orrin vilikuwa vimebabuka.

"Umefanya nini, Orrin?"

"Alikuwa ndani ya gari."

"Nani? Gari lilikuwa tupu! Wote tumeliona tupu."

Alhamisi, studio ikajibu hatimaye, kwa mistari mitatu. Hawakumjua mtu aitwaye Emil Stadler. Kwenye daftari la wafanyakazi hayumo. Gari lile la sehemu ya saba lilisukumwa likiwa na sanamu ya nguo iliyojazwa nyasi.

Jumamosi ilikuja nakala nyingine. Haikuwa na kiraka. Gari lilitumbukia tupu, watu wakapiga makofi, Hattie akamshika rafiki yake bega.

Ila Orrin alikuwa amekata kipande kilichosalimika, picha sita, akakificha kwenye mkebe wa bati. Anaamini kwamba katika ile ya sita, uso upo. Ni mdogo kuliko ukucha. Hauonekani bila mwanga nyuma yake. Siku moja ya mawingu alikiinua kipande dirishani, hakuna jua, hakuna taa. Ukingo ukaanza kugeuka kahawia. Akakirudisha mkebeni, akakaza kifuniko.

Sasa nyumba yake haiwashwi taa. Majirani wanasema ni ubahili wa uzee, naye huwaambia sura yake inapendeza zaidi gizani. Wanacheka.

Wakiondoka, anaketi kitandani na mkebe mapajani. Magharibi inaingia, kuta zinapotea. Ndani ya bati vidole vinaanza kugonga, taratibu.

"Baba... huku giza. Washa taa."