Sikio la Meklit

Hapa Debre Berhan kunapambazuka kwa baridi, na ua wetu unapambazuka kwa moshi. Huyo ni Wubalem. Anaoka injera, mikate yetu mipana na laini, za kuuza hotelini. Anawasha moto kwa majani makavu ya mkaratusi, na moshi unaingia kila chumba.

"Wubalem, utatukausha kama nyama!" Tirunesh anapiga kelele kutoka mlango wa pili.

"Kauka, dada, upungue kidogo!"

Ua mzima unacheka. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Lakini kabla ya kuwasha moto, Wubalem hufanya jambo moja. Anamketisha binti yake Meklit mbele ya runinga. Anaiwasha. Anatoka, anafunga mlango kwa komeo la nje.

Hakuna aliyemlaumu. Sote tulimjua Bereket, kaka yake Meklit. Alijikwaa akaangukia moto wa kuokea injera. Tulimzika kabla hajatimiza miaka mitatu. Tangu siku hiyo Wubalem hakutaka kumwona mtoto karibu na moto wake.

Runinga aliileta mumewe, Demelash. Yeye ni dereva wa lori la Djibouti, na nyumbani anaonekana mara chache. Aliweka na dishi juu ya bati.

"Mwachie hizi katuni za Kiingereza," alimwambia mkewe. "Watoto wa matajiri wanaanza hivi hivi. Na wewe usimchanganye na Kiamhara chako."

Basi Wubalem akamtii. Akawa hamsemeshi mtoto sana. Alimlisha, alimwosha, alimfungia. Meklit akajua kuimba rangi zote kwa Kiingereza. Tukinywa kahawa tulimwita aimbe, naye aliimba, na sisi tukapiga makofi.

Mmoja tu hakupiga makofi. Ni mwalimu wa chekechea, Asnakech. Ni mtu mzima, sote tunamwita Etete kwa heshima. Umbea anaupenda kuliko sukari, lakini kwa watoto hana mchezo.

Siku moja Meklit alimshika Etete mkono, akamvuta hadi kwenye mtungi.

"Unataka nini, mwanangu?"

Meklit akamvuta tena.

"Sema: maji."

Mtoto akaanza kulia. Etete akampa maji, kisha akamgeukia Wubalem. "Ana miaka minne. Huyu anaimba, haongei. Umempima masikio?"

"Masikio yake mazima, Etete. Ataongea tu. Baba yake naye alichelewa."

"Na mpaka leo hajaanza!" Tirunesh akadakia.

Tukacheka, tukaongeza kahawa. Mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya jirani.

Baada ya sikukuu ya Msalaba, Meklit akaanza kulia. Alilia mchana, akalia usiku. Alitikisa kichwa. Alikataa kula. Mama yake alimuuliza, "Tumbo? Jino? Wapi, mwanangu, wapi?" Mtoto alimtazama tu. Hakuwa na neno la kumjibu. Katikati ya kilio akaimba kipande cha wimbo wa rangi, akaacha.

"Hilo ni jicho," Tirunesh akasema. "Kuna mtu amemtazama vibaya. Ulimwimbisha mno mbele za watu. Mpeleke kwenye maji ya baraka."

Wengi wetu tulikubali. Hapa kwetu mtoto akilia bila sababu, jicho baya ndilo la kwanza kushukiwa.

Wubalem akambeba hadi kanisani alfajiri, siku tatu mfululizo. Maji ya chemchemi yale ni baridi kama chuma. Meklit alimwagiwa kichwani, masikioni, usoni. Kila siku alilia zaidi. Siku ya tatu padre aliona kitu kwenye shuka ya mtoto. Akainama akatazama.

"Mama, sikio hili linatoa usaha. Umempeleka hospitali?"

"Hapana, baba."

"Mpeleke sasa hivi. Nani alikuambia maji haya yanamkataza daktari?"

Hospitali walimlaza usingizi, wakatoa kitu sikioni. Daktari akamwonyesha Wubalem kwenye pamba. Ilikuwa njegere. Njegere kavu, katika zile alizoziweka mama yake chumbani kwa ajili ya kusaga shiro, unga wa mchuzi. Mtoto alikuwa peke yake mle ndani, akaitia sikioni. Maji yakaivimbisha. Ikabana, ikaoza, ikachana ngoma ya sikio.

"Angesema siku ya kwanza kwamba sikio linauma, tungeitoa kwa dakika moja," daktari alisema. "Sasa limeharibika. Huenda sikio la kushoto lisisikie tena."

Wubalem alirudi nyumbani na mtoto mgongoni. Moto haukuwashwa siku hiyo. Demelash alipopiga simu, Wubalem alimwambia neno moja tu, "Njoo," akakata.

Alitaka kuipiga runinga jiwe. Etete akamshika mkono.

"Unavunja nini? Hiki ni chombo tu."

"Kimemla mwanangu!"

"Hakikumla. Ila hakikumjibu. Mtoto akiuliza, katuni inaendelea na safari yake. Akilia, nayo inacheka. Mtoto anajifunza kusema kwa kujibiwa, Wubalem. Kwa lugha ya nyumbani kwake kwanza. Kiingereza atakikuta shuleni."

"Nami nilimnyima hata Kiamhara."

"Ulifanya ulichoambiwa. Sasa kaa hapa."

Etete akatafuta kipindi cha watoto cha Kiamhara. Kulikuwa na mbuzi wa kitambaa anayetafuta vitunguu sokoni. Akampakata Meklit, sikio zima likiwa upande wake. Mbuzi akauliza, "Kitunguu kiko wapi?" Etete akapunguza sauti ya runinga.

"Meklit, kitunguu kiko wapi?"

Mtoto akanyoosha kidole.

"Kile pale! Kitunguu. Ni kikubwa au kidogo?"

Etete alisubiri, naye kwa kawaida hajui kusubiri zamu yake kwenye maongezi. Meklit hakujibu. Etete akajibu mwenyewe kwa upole, wakaendelea. Kipindi kilipoisha akazima. Akaleta kikapu cha vitunguu vya kweli.

"Hapa ndipo somo linapoanza," akasema. "Mhesabie. Mnusishe. Umenye naye, umwambie unachofanya. Kipindi kimoja kinatosha kwa siku. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili, mwepusheni kabisa na vioo hivi. Huyo anahitaji nyuso zenu."

"Nani atakaa naye, Etete? Nikikaa mimi, nani ataoka? Nimfungulie mlango aungue kama kaka yake?"

Aliyejibu ni Tirunesh. Tangu siku ya njegere alikuwa hatutazami usoni.

"Atakuja kwangu," alisema. "Wote wa ua huu waje. Mama mmoja atakaa nao kwa zamu. Kusema najua, nyote mnalalamika kila siku kwamba sinyamazi."

Demelash alipofika alikaa siku nzima bila kuvua koti. Kisha akajenga ukuta mfupi wa mawe kuzunguka moto, na kijilango cha bati. Komeo la mlangoni aliling'oa.

Maneno ya Meklit yalikuja polepole. Kwanza "maji." Kisha "hapana," na hilo alilipenda sana. Alisema kwa taabu, akigeuza kichwa kutafuta sauti.

Miezi ilipita. Siku ya zamu ya Wubalem, watoto walijazana kwa Tirunesh. Kwenye kipindi, yule mbuzi alikuwa ndani ya kibanda, akigonga.

Wubalem akapunguza sauti. "Mbuzi anafanya nini?"

"Anagonga," Meklit akasema. "Mlango umefungwa. Mama yake yuko kwenye moshi."

Kwenye kipindi hapakuwa na moshi wowote.

"Mimi niligonga," Meklit akaendelea. "Sikio linauma. Nikagonga, nikagonga."

Wubalem akamvuta karibu, akamwekea mdomo kwenye sikio la kulia.

"Sikukusikia, mwanangu. Sasa nakusikia. Niambie yote."

Naye akamwambia, kwa maneno machache aliyokuwa nayo. Mama yake alijibu kila neno.

Mwaka huu Meklit ameanza chekechea kwa Etete. Anakaa mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Anahesabu, anauliza, anasengenya kama sisi. Siri za nyumba ya Demelash sasa tunazo zote.

Lakini sikio halikurudi. Ukimkuta njiani ukamwita kwa kushoto, hageuki. Usidhani ana kiburi. Zunguka upande wa pili, umwite tena. Ataitika.