Kuku Aliyetoroka

Kila asubuhi mwalimu wa hesabu alianza somo kwa maneno yaleyale: "Cherehani, miguu." Cherehani aliituliza miguu yake chini ya dawati kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha ikaanza tena kukanyaga, kulia, kushoto, utadhani inashona sare za shule nzima. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakuwa mtundu, ila kutulia kulimshinda.

Kwa hiyo aliposema kwamba Jumamosi atalala ndani ya mashine ya hospitali, tuli, apigwe picha ya ubongo, darasa zima lilicheka.

"Wewe? Labda wakufunge kamba," alisema jirani yake wa dawati.

"Jumatatu nakuja na picha. Utaiona kwa macho yako."

Basi, alishajifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Akija mikono mitupu, angetaniwa mpaka shule ifungwe.

Mambo haya yalianzia kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa mpiga picha, lakini si wa harusi. Aliendesha mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Daktari mtafiti alitaka watoto ishirini wenye afya, achunguze jinsi ubongo wa mtoto unavyotafuta maneno. Mama alitia saini, na kila mtoto aliahidiwa picha ya ubongo wake. Wiki mbili nzima Cherehani alifanya mazoezi chini ya meza ya chakula, huku mdogo wake akigonga sufuria kuigiza kelele za mashine. Mama aliziba masikio akasema utafiti huu utamtia wazimu.

Jumamosi ikafika. Shangazi alimvua hereni, vibanio na mkanda.

"Sumaku hii haina mchezo," alisema. "Kibanio kimoja tu, kitaruka kama risasi."

Akamlaza, akamziba masikio, akamwekea kioo kidogo juu ya macho ili aone skrini. Daktari akainama kumweleza.

"Duara la kijani likiwaka, taja wanyama wengi uwezavyo, lakini kimoyomoyo. Hata mdomo usicheze. Likiwaka jekundu, pumzika, usitaje chochote."

"Hayo tu? Rahisi," alijibu Cherehani.

Mashine ikaanza: ngo, ngo, ngo. Kijani: mbuzi, ng'ombe, paka, twiga. Jekundu: kimya. Miguu ilitulia hata mwenyewe akashangaa. Alijisifu moyoni, na kujisifu huko ndiko kulikomponza. Kijani cha nne kilipowaka, alikuwa ameshawasahau mbuzi. Alikuwa darasani, picha mkononi, jirani yake kabaki mdomo wazi. Kijani kikaja, jekundu likaja, yeye bado anapokea pongezi.

Alipotolewa, shangazi alimpigapiga begani. "Hujatikisika hata kidogo. Mama yako hataamini."

Akampa picha. Ubongo wenyewe ulijikunjakunja kama nguo iliyokamuliwa, na Cherehani aliupenda papo hapo. Daktari akaja na fomu.

"Kila kijani kilipowaka, ulitaja wanyama?"

Cherehani alishtuka. Aliitupia jicho skrini. "Kwani mashine haioni nilichowaza?"

Daktari akacheka. "Haioni. Inanionyesha tu sehemu gani ya ubongo imepelekewa damu zaidi. Uwaze mbuzi, uwaze bibi yako, mimi naona damu tu."

Cherehani akashusha pumzi. "Nilitaja," alisema. "Kila mara."

Daktari akatia alama ya tiki kwenye namba ishirini. "Wewe ndiye wa mwisho. Sasa tutawachorea wapasuaji ramani yao."

"Ramani ya nini?"

"Ya maneno. Mtoto akiwa na uvimbe kichwani, mpasuaji anataka kujua sehemu ya maneno iko wapi, asije akaigusa. Ramani hiyo inatokana na ninyi ishirini."

Cherehani alijaribu kuvaa hereni, ikakataa kuingia. Alimfikiria mtoto anayezinduka baada ya kupasuliwa, anataka kumwita mama yake, neno halimjii. Uso ulimwaka kwa aibu. Aliitazama picha yake kwa mara ya mwisho, akaiweka mezani.

"Daktari, nimekudanganya. Wanyama niliwataja mwanzoni tu. Baadaye nilikuwa nawaza nitakavyowaringia wenzangu darasani." "Picha yenu hiyo hapo."

Daktari alivua miwani. Shangazi ndiye aliyeangalia saa.

"Mgonjwa wangu wa saa tano bado anavua viatu," alisema. "Nina dakika kumi na tano. Wewe, weka chini hiyo hereni, rudi kitandani."

Safari hii Cherehani hakwenda darasani. Alipotoka, daktari alikuwa anamsubiri na fomu mpya.

"Haya, niambie."

"Kila kijani, wanyama watupu. Ila kwenye jekundu la tatu kuna kuku mmoja alinitoroka."

Daktari alicheka mpaka akajifuta macho, lakini aliandika: jekundu la tatu, kuku mmoja. Kisha akamrudishia picha.

"Sikiliza, mwanangu. Mashine hii inaona mfupa, inaona mshipa, inaona damu inakokimbilia. Ulichowaza nakijua kwa mdomo wako peke yake. Ungenyamaza, nisingejua kamwe, na ramani yangu ingekuwa na uongo ndani yake. Kutulia ni jambo zuri, na umetulia vizuri. Lakini ninachokihitaji zaidi kwako ni ukweli, hasa pale ambapo hakuna anayeweza kukukagua."

Jumatatu picha ilizunguka darasa zima.

"Kumbe ulitulia kweli," alisema jirani yake.

"Mara mbili," alijibu Cherehani, na akamweleza kwa nini mara mbili, bila kuficha, mpaka habari za kuku.

Alipokuwa bado anaeleza, mwalimu wa hesabu aliingia, akaweka vitabu mezani.

"Cherehani," alisema, "miguu."