Mama Mkwe na Kapsuli Zangu za Lupus

Nilimkuta mama mkwe jikoni amefungua kapsuli zangu... dawa yote anaimwaga kwenye sinki!

Jamani, nilipiga ukelele nadhani Edmonton nzima, huku Kanada, ilisikia.

Maana muda mfupi kabla ya hapo, nikiwa kwenye basi natoka kazini, daktari alikuwa amenipigia.

"Placida, kingamwili zako zimepanda sana. Zimeanza kushambulia figo. Umeacha dawa?"

"Sijaacha hata siku moja, dokta!"

Nina lupus, wapendwa. Kinga ya mwili wangu imenigeuka, inanila mimi mwenyewe. Zile kapsuli ndizo zinazoituliza.

Na huyu mama ana bakuli la unga wa kijani... anajaza kwenye maganda matupu na kuyafunga vizuri! Kumbe tangu atue kutoka Bukoba nilikuwa nameza majani!

"Mama, unataka kuniua?!"

Akalivuta bakuli lake kifuani.

Nikajua tu, anataka mwanawe aoe kwingine. Nikampigia mume wangu.

"Valentine, njoo umtoe mama yako kabla sijaita polisi!"

Mama akakaa sakafuni, akaangua kilio.

"Nilikusikia kwenye simu, mwanangu... ukisema hizi dawa zinashusha kinga. Gladness wangu kinga ilishuka hivyo hivyo, nikamzika. Nikasema huyu wa pili simziki. Nikakuwekea unga wa majani ya mlonge, kinga ipande."

Nikakaa sakafuni kando yake.

Gladness ni dada yake Valentine, alikufa kwa UKIMWI. Sisi tulimwambia mama nina uchovu tu, tukiogopa maneno ya ukoo. Naye akaamini nina ugonjwa uleule... na bado alikuwa anakula na mimi sahani moja!

"Mama, kinga yangu haijashuka. Imezidi, inakula figo."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

Nikamshika mkono, tukamsubiri Valentine atupeleke hospitali.

Naandika haya nikiwa wodini, drip mkononi, nasubiri kuambiwa kama figo zitapona. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waambieni wanaowapenda mnaumwa nini, kabla hawajawatibu kwa kubahatisha!

Mama amegoma kurudi nyumbani. Kila nesi akileta dawa, anamuuliza Valentine, "Hii inapandisha au inashusha?"

Akiambiwa inashusha, anafuta machozi kwa kanga, anachukua glasi ya maji, ananinywesha mwenyewe.